Waifai ya Nyumba ya Msiba

Kilichoninyima usingizi usiku wa kuamkia maziko si nyimbo za wanakwaya wala baridi ya Njombe. Ni jibu nililompa shangazi mchana wake, tukimenya viazi uani. Aliniuliza, "Anayeutaka huo mtandao ni yeye au wewe?" Nikasema, "Ni yeye, shangazi." Sikuwa nimedanganya. Lakini sikuwa nimesema kweli yote, na jambo la namna hiyo likishaniingia kichwani halitoki.

Aliyefariki alikuwa mwenye nyumba wetu, bwana misitu mstaafu. Yeye na mkewe walikaa nyumba kubwa ya mbele. Sisi wapangaji tulikuwa kwenye vyumba vya uani vilivyojipanga kama mabehewa. Chumba cha kwanza alikaa kaka mmoja karani wa malori, ambaye ofisi yake ilikuwa Makambako na alikuwa akienda na kurudi. Cha katikati walikaa wanachuo wawili. Cha mwisho kabisa, karibu na choo, nilikaa mimi na shahada yangu.

Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyekuwa anatunza wazee katika nchi ya mbali. Ili aone sura yake alifunga intaneti sebuleni, ruta ikawekwa juu ya kabati la vyombo, imekalia kitambaa alichokifuma mkewe. Kisha akaona haya kuila peke yake. Alitupitia mlango kwa mlango, akatupa paswedi kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa jirani mchicha kupitia uzio.

Kuanzia hapo tukawa watu wa waya mmoja. Wanachuo walipakua filamu, karani alituma nyaraka za mizigo, mimi nilijaza maombi ya kazi. Ukuta wa matofali ya kuchoma ulikuwa unameza mtandao kabla haujafika kwangu, kwa hiyo mara nyingi nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango wangu, blanketi mabegani, kompyuta magotini, vidole vimekufa ganzi. Mtandao ukizubaa, mtu alipaza sauti uani, "Nani anavuta?" Na sauti nyingine ilijibu, "Si mimi," na wote tulijua ni wanachuo.

Jumapili jioni ilikuwa tofauti. Mzee alitoka barazani na koti lake refu akasema, "Wanangu, naongea na dada yenu." Basi. Kila mmoja alizima chake. Hapakuwa na mjadala, hata kama filamu ilikuwa imebakiza dakika chache kushuka. Tulikaa uani tukiota jiko, tukimsikia mzee akicheka kule ndani, na alipomaliza alitoka kutuambia theluji imefika wapi.

Ruta ilipogoma, niliitwa mimi. Nilisomea maendeleo ya jamii, lakini kwa mzee kusoma ni kusoma. "Si umefika chuo kikuu?" aliniuliza mara ya kwanza nilipojitetea. Nikajifunza kwa kubahatisha: namna ya kuingia ndani ya ruta kwa kompyuta, kuona nani ameunganishwa, kumtoa mtu, kubadili paswedi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwenye ufunguo wa kitu kisicho changu.

Kisha kifua cha mzee kikabana, akapelekwa hospitali, na hakurudi.

Ndugu walianza kufika kutoka Makete na Ludewa. Samani zilitolewa sebuleni, likabaki kabati tu, magodoro yakatandikwa, na mama mwenye nyumba akakalishwa kwenye kona na wanawake wakamzunguka. Wanaume walikaa nje kwenye moto wa magogo. Dada wa marehemu, ambaye sote tulimwita shangazi, aliingia kutoka Ludewa akiwa na mtandio wake mzito, akalia kwanza kama inavyostahili, akajifuta uso, kisha akaanza kazi. Televisheni ilifunikwa kitenge. Kioo kikageuzwa ukutani. Redio ikapelekwa stoo. Kwao, alisema, nyumba yenye maiti haiwi na kitu kinachoongea mpaka mtu azikwe.

Na kwa kweli ruta haikuongea chochote. Ilikuwa inakonyeza tu, kijani, kijani, juu ya vichwa vya wanawake waliokuwa wanalia. Tatizo lilikuwa nje. Vijana waliokuja na wazazi wao walikuwa wameshapeana paswedi, wakajipanga nyuma ya ukuta wa sebule kama kuku wanaoota jua, vichwa chini, wakati hakuna aliyekata kuni wala kuchota maji.

"Hawa wamekuja kuzika au kuchaji?" shangazi aliuliza. Akaingia ndani, akapanda kwenye kigoda, akang'oa waya wa ruta, akauzungusha mkononi kama uzi wa kufumia na kuusokomeza chini ya godoro lake. Nyuma ya ukuta vichwa viliinuka kimoja baada ya kingine. Wengine tulicheka kwa kuficha mdomo. Mimi nilikuwa mmoja wao, kisha nikakumbuka kitu na kicheko kikakauka.

Nilikuwa na usaili. Taasisi moja ilikuwa imeniandikia wiki ileile, wakati mzee yuko hospitali, kwamba nimechaguliwa kwenye mchujo na nitasailiwa kwa picha, kupitia mtandao, saa tano asubuhi ya siku ambayo baadaye ilikuja kuwa ya maziko. Niwe peke yangu, mahali pa utulivu. Tangu nihitimu nilikuwa nimetuma maombi mpaka nikaacha kuwaambia nyumbani, na hilo lilikuwa jibu la kwanza lisiloanza na neno "tunasikitika". Simu yangu isingefaa: kwenye bonde lile sauti inapita kwa kubembelezwa na picha haipiti kabisa.

Maziko yalikuwa yamepangwa saa tisa alasiri. Kwa hesabu zangu, asubuhi ningejifungia chumbani kwa muda, nikasailiwa, nikarudi kwenye masufuria kabla hawajamtoa mzee. Ilihitajika ruta iwake tu. Lakini nani anamwendea mtu aliyefiwa na kaka yake kumwambia naomba waya nina usaili?

Ndipo binti wa marehemu aliponipigia. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mdogo wangu, nimempigia baba... nimepiga nyumbani kwa picha, hakuna kitu."

"Pole, dada. Wamezima. Ni shangazi."

"Siwezi kuja. Unajua siwezi. Karatasi zangu za ukaazi bado, nikitoka hawaniruhusu kurudi. Nataka nimwone akishushwa. Basi tu. Nikiona nitaamini."

Nilimwambia nitaongea na shangazi. Na hapo, sekunde hiyohiyo, kabla hata sijakata simu, kuna sehemu ya moyo wangu iliyofurahi. Sasa nilikuwa na sababu ya kuombea ruta ambayo hakuna mtu angeweza kuikataa, na sababu hiyo haikuwa yangu.

Nilimkuta shangazi uani na beseni la viazi. Nikachukua kisu, nikakaa.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene. Menya vizuri, wewe unakata nusu ya kiazi."

Nikamweleza habari za binti. Alisikiliza bila kuinua macho. Alisema mama yake alipozikwa, ndugu waliokuwa mbali walilia hukohuko walikokuwa na hawakufa. Alisema kaburi si sherehe ya kuangaliwa. Ndipo akaniuliza lile swali, na nadhani hakuwa na maana yoyote ya ndani. Alitaka tu kujua kama nimetumwa. Lakini mimi niliona kama amenifungua kifua. Nikajibu nilivyojibu, na masikio yangu yakapata moto.

Aliyemaliza ubishi ni mama mwenye nyumba. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Binti alikuwa amempigia na yeye, na shangazi alipoingia kumlalamikia habari za watoto wa siku hizi, mama alisema pale kwenye kona, bila kuinua kichwa, "Wifi, mpe waya." Ilikuwa hivyo tu. Shangazi alichomoa waya chini ya godoro, akanikabidhi huku amegeuza uso.

Kaburi lilikuwa limechimbwa shambani nyuma ya nyumba, karibu na misindano aliyoipanda mzee mwenyewe. Nilihamisha ruta hadi dirisha la nyuma kwa ekstensheni. Nikabadili paswedi ili vijana wote wadondoke, na kweli nikawasikia wakiguna. Kisha nikaenda pale kwenye shimo na simu ya karani, maana ndiyo yenye kamera nzuri, naye karani akakaa chumbani kwangu na kompyuta yangu ili tujue kama mtandao unatosha watu wawili kwa picha.

Binti alitokea kwenye simu. Nilimwonyesha udongo mwekundu uliorundikwa, misindano, bati la nyumba. Alikuwa anatikisa kichwa polepole. Kisha karani akafungua picha kwenye kompyuta, na uso wa binti ukaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Nikampigia kelele karani azime. Uso ukarudi. Tukajaribu tena, ukaganda tena. Waya ulikuwa wa mtu mmoja.

Haikunitisha sana. Saa tano ni yangu, saa tisa ni yake, nilijiambia.

Jioni, baada ya sala, mzee wa kanisa alisimama kwenye moto akatangaza kwamba mchungaji ana maziko mengine Kifanya siku hiyohiyo, na mvua haitabiriki, kwa hiyo mpendwa wetu tutampumzisha saa tano asubuhi badala ya saa tisa. Watu wakaitikia. Kwao ilikuwa ni kupika mapema tu.

Niliandika barua pepe kuomba usaili usogezwe. Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotegemea, la adabu kabisa: ratiba imekwishapangwa, wasioweza watahesabiwa wamejitoa.

Karani alinikuta nimesimama na kiazi mkononi.

"Msomi, hicho kiazi umekimenya mpaka kinaisha."

Nikamweleza yote. Alikuwa mtu wa utani, Mwislamu kutoka huko mikoa ya pwani aliyefuata malori mpaka baridi ikamkamata, na alikuwa na tabia ya kukoroga chai yake muda mrefu kabla ya kujibu.

"Ofisini kwetu Makambako kuna chumba cha ndani," alisema. "Kina mlango. Mtandao upo wa kutosha. Kesho hakuna mtu zaidi ya dada wa mapokezi. Ondoka asubuhi na gari la kwanza."

"Niache maziko?"

"Mimi nimekuambia kilichopo. Kuacha ni kwako."

"Wewe ungefanyaje, kaka?"

"Mimi sina usaili. Mimi ni wa malori."

"Najiuliza tu."

"Wewe hujiulizi tu. Unajiuliza, unajijibu, halafu unajikatia rufaa mwenyewe." Akanywa chai. "Kama ni simu ya kumwonyesha binti, nitaishika mimi. Mkono wangu hautetemeki."

Lakini kulikuwa na njia ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonilaza macho wazi, si Makambako. Ruta ilikuwa mikononi mwangu. Paswedi mpya niliijua mimi na karani tu. Ningeweza kubaki, nikaonekana nikipika asubuhi yote, nikaingia chumbani kidogo saa tano ilipofika, nikaitoa simu ya karani kwenye mtandao kwa kubonyeza mara moja, nikasailiwa na waya mzima ukiwa wangu. Kule kaburini uso wa binti ungeganda. Karani angeipiga-piga simu. Watu wangesema ni mtandao wa Njombe, ndivyo ulivyo, na binti mwenyewe angesema hivyohivyo, angeamini hivyo maisha yake yote. Nami ningetoka na mwiko, nikatupia udongo wangu kaburini pamoja na wengine. Hakuna ambaye angeninyooshea kidole.

Ilikuwa njia safi mno. Niliipitia hatua kwa hatua nikitafuta itakapovujia, sikuona. Kilichonitisha ni jinsi nilivyokuwa naipitia kwa makini, kama mtu anayejiandaa. Na nilijua kilikoanzia. Kama mchana ule ningemjibu shangazi, "Sote wawili," kila mtu uani angekuwa anajua nina usaili, na njia hiyo isingekuwepo. Nilikuwa nimeijengea maficho mwenyewe, kwa neno moja la heshima.

Nilifikiria pia kuuacha usaili. Nilijiona nikisimulia baadaye jinsi nilivyouacha kwa ajili ya mzee, na nikaona kwamba ningesimulia mara nyingi mno, na kila mara ningekuwa namdai maiti. Mzee hakustahili mdai wa namna hiyo. Lakini pia alikuwa amenibeba kwenye gari la jirani usiku niliougua malaria, akakaa na mimi wodini kama baba. Nikienda Makambako, sitamzika. Mpangaji asiyemzika mwenye nyumba wake, msichana, anayeacha masufuria kwa wenzake. Maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia kabla hayajasemwa.

Kulipokucha ukungu ulikuwa umekaa juu ya bati na wanawake walikuwa wameshawasha mafiga. Nilimkuta shangazi anapepeta mchele.

"Shangazi, jana nilikujibu nusu. Na mimi nilikuwa nautaka mtandao. Nina usaili wa kazi leo, saa tano."

Ungo ulisimama. "Saa tano ya maziko?"

"Ndiyo. Waya hautoshi wawili. Nautaka ubaki kwa dada. Mimi nakwenda Makambako kutafuta wa kwangu."

Nilitegemea anikaripie, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alirudia kupepeta.

"Kazi utaitafuta tena," alisema. "Kaka yangu utamzika lini?"

"Sina jibu, shangazi."

"Basi nenda na kutokuwa nalo."

Nilimpigia binti. Nilimwambia karani ndiye atakayeshika simu, nikamwambia na sababu.

"Ningependa uwe wewe," alisema. "Yule kaka simjui."

"Najua, dada. Samahani."

"Haya." Akakata. Hakunitakia heri, na sioni kwa nini angenitakia.

Nilikagua ruta dirishani, nikaifunika kwa mfuko wa nailoni dhidi ya manyunyu, nikamwonyesha karani mahali pa kusimama ambapo ishara ilikuwa imejaa. "Usisogee upande wa misindano," nilimwambia. "Msomi, nimesikia," akajibu. "Nenda, utachelewa na rufaa zako." Kisha nikafanya jambo ambalo usiku sikuwa nimelifikiria. Niliingia ndani ya ruta nikafuta kompyuta yangu na simu yangu, nikabadili paswedi upya kwa kumpa karani aiandike mwenyewe huku mimi nimegeuka. Nilitaka, nikiwa njiani na woga umenipanda, nisiwe na uwezo wa kugeuza gari nikarudi kwenye ile njia ya tatu.

Geti lilikuwa upande wa pili wa moto. Hapakuwa na pa kupitia zaidi ya katikati ya wanaume waliokaa kwenye mabenchi na wanawake waliokuwa wanasafisha mboga. Nilikuwa na sketi yangu ya usaili chini ya kitenge, na begi la kompyuta.

"Binti, unakwenda wapi na begi?" aliuliza mama mmoja wa kutoka Makete.

"Makambako, mama."

"Leo?"

"Leo."

Aliinamia mboga zake, na aliyekaa pembeni yake akainama pia, na nikapita.

Makambako kulikuwa na upepo na vumbi la malori, na watu waliokuwa wanaendelea na siku yao ya kawaida, jambo ambalo lilinishangaza kana kwamba walipaswa kuwa wamefiwa. Dada wa mapokezi alinifungulia chumba cha ndani. Kilikuwa na meza, matairi mawili yaliyosimamishwa ukutani na dirisha lisilofunguka. Nilifungua kompyuta. Simu ilitikisika: karani ameandika kwamba wametoka na jeneza na picha inakwenda.

Nilisoma ujumbe ule, nikasimama. Sikujua mtu afanye nini katika chumba cha matairi wakati mzee wake anashushwa, kwa hiyo nilisimama tu, kwa muda niliodhani unatosha kutoka barazani hadi shambani. Niliona saa kwenye kioo cha kompyuta ikibadilika kuwa saa tano. Nikazima simu, nikakaa, nikakaza kilemba nilichotoka nacho msibani, kisha nikakivua, nikabonyeza pale palipoandikwa niingie.